Jinsi ya Kufuatilia Usalama wa Kinu cha Nyuklia Baada ya Tetemeko Kubwa la Ardhi

Tetemeko kubwa linapoipiga nchi yenye vinu vya nyuklia, taarifa ya kwanza ya serikali kwa kawaida husema kwamba vinu vimejizima vyenyewe na kwamba hakuna mionzi iliyovuja. Mara nyingi taarifa hiyo huwa ya kweli, lakini haimwambii msikilizaji jambo analolihitaji zaidi, yaani iwapo kinu kilichozimwa kinaendelea kupozwa, kwa umeme unaotoka wapi, na umeme huo utadumu kwa muda gani. Mwongozo huu umekusudiwa mtu anayeishi Japani, au aliye na ndugu anayesoma au kufanya kazi huko, ili azipange habari zinazomfikia kwa utaratibu badala ya kuzipokea zote kwa uzito mmoja.

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba vinu vimezimwa, na hatua hii haihitaji muda mrefu. Vipima mtikisiko vilivyofungwa kituoni huamuru fimbo za kudhibiti ziingie ndani ya kinu, na katika sekunde chache mfululizo wa kupasuka kwa atomi za urani husimama. Ndivyo ilivyokuwa katika kituo cha Fukushima Daiichi, Japani, tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana, lilipotokea tetemeko la ukubwa wa 9.0: vinu namba 1, 2 na 3 vilivyokuwa vikifua umeme vilizimika kama vilivyosanifiwa, na vinu namba 4, 5 na 6 vilikuwa vimekwisha kusimamishwa kwa ukaguzi. Hata hivyo, mafuta ya nyuklia huendelea kutoa joto baada ya kinu kuzimwa, kama mkaa unavyobaki mwekundu baada ya chungu kuepuliwa. Joto hilo huanzia kwenye asilimia 6 au 7 ya nguvu kamili, kisha hushuka hadi takribani nusu ya asilimia baada ya siku moja. Kinu namba 1 kilitoa megawati 1,380 za joto kilipokuwa katika nguvu kamili, kwa hiyo nusu ya asilimia yake ni karibu megawati 7, na joto hilo hugeuza kuwa mvuke takribani tani 10 za maji yanayochemka kila saa. Maji hayo yasiporudishiwa, mafuta hubaki wazi na kuanza kuyeyuka.

Ndiyo maana swali la pili, la umeme, ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Kituo kilichozimwa hakijifulii umeme tena. Kinategemea gridi ya nje, gridi ikikatika hutegemea jenereta za dizeli, na jenereta zikishindwa hubaki na betri ambazo hudumu kwa saa kadhaa tu. Unaposoma taarifa, tafuta ni njia ngapi za umeme wa nje zilizobaki, ni jenereta ngapi zinazofanya kazi, na dizeli iliyopo inatosha siku ngapi. Katika tetemeko la Noto la tarehe 1 Januari 2024, kituo cha Shika kilipoteza njia 2 kati ya 5 za umeme wa nje kwa sababu transfoma ziliharibika na kuvuja mafuta. Hiyo ilikuwa habari ya kutia wasiwasi, lakini njia 3 zilikuwa zimebaki, na vinu vyake vilikuwa vimesimama tangu 2011, kwa hiyo mafuta yake ya nyuklia yalikuwa yamepoa sana.

Huko Fukushima Daiichi tetemeko lilikata njia zote za nje, na jenereta zikawaka kama ilivyotakiwa. Mtu aliyesoma taarifa ya dakika hizo angeweza kulala usingizi. Dakika 50 hivi baada ya mtikisiko, tsunami yenye kimo cha takribani meta 14 hadi 15 ilikifikia kituo ambacho vinu vyake vinne vilijengwa meta 10 juu ya usawa wa bahari, ikaingia kwenye vyumba vya chini vya majengo ya turbini ambako jenereta nyingi na paneli za kugawia umeme ziliwekwa. Jenereta moja ya kinu namba 6, iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa mahali pa juu, ilinusurika, na hiyo moja iliviokoa vinu namba 5 na 6. Kwa hiyo, maadamu tahadhari ya tsunami haijaondolewa, chukulia kila taarifa njema kutoka kituo kilicho ufukweni kuwa ya muda tu.

Ulinganisho na majirani zake unaonyesha jinsi tofauti ilivyokuwa ndogo. Fukushima Daini, kilicho kilomita 12 hivi kusini, kilibakiwa na njia moja ya umeme wa nje, na wafanyakazi walitandaza kwa mikono takribani kilomita 9 za nyaya nzito ili kuifikishia umeme mitambo ya kupozea. Onagawa, kilichokuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko kuliko kituo kingine chochote, kilikuwa kimejengwa meta 14.8 juu ya bahari, na wimbi la takribani meta 13 halikukifunika. Wanakijiji waliopoteza makazi walihifadhiwa katika jumba la michezo la kituo hicho hicho. Kwa maoni yangu, mwenye kutaka kukipima kituo kabla ya tetemeko aanze kwa kuuliza kimo cha uwanja wake na mahali jenereta zilipo, kabla ya kusikiliza maelezo kuhusu unene wa zege.

Swali la tatu linahusu mabwawa yanayohifadhi mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika. Habari kwamba maji yamemwagika kutoka bwawani husikika karibu baada ya kila tetemeko, kwa sababu maji hayo huyumba na kuruka ukingo. Katika kituo cha Kashiwazaki-Kariwa mwaka 2007 maji machache ya namna hiyo yalifika baharini, na transfoma moja iliwaka moto na moshi wake mweusi ukaonyeshwa kwenye televisheni, ingawa moto huo ulikuwa nje ya jengo la kinu. Kinachofaa kuulizwa ni kina cha maji yaliyobaki, joto lake, na kama pampu zimerudi kazini.

Jihadhari pia na vipimo vyenyewe. Katika chumba cha kudhibiti vinu namba 1 na 2 vya Fukushima Daiichi, taa zilizimika na wafanyakazi wakalazimika kukusanya betri za magari, kuziunganisha na vifaa vya kupimia, na kusoma namba kwa mwanga wa tochi. Usiku huo kipimo cha kinu namba 1 kilionyesha kwamba maji bado yalifunika mafuta, wakati mafuta yalikuwa yamekwisha kuanza kuyeyuka. Namba moja haitoshi. Angalia kama kina cha maji, presha na mionzi vinasimulia jambo moja. Presha ikitangazwa kupanda ndani ya kasha la kinu, na maofisa wakianza kuzungumzia kufungua vali ili kuipunguza, hali imekwisha kuwa mbaya. Zirkoniamu, metali inayofunika mafuta, ikipata joto kali hufanya mmenyuko wa kikemia na mvuke na kutoa haidrojeni, na haidrojeni ndiyo iliyolipua jengo la kinu namba 1 tarehe 12 Machi na la kinu namba 3 tarehe 14 Machi.

Kuhusu mionzi, soma kizio kabla ya namba, kwa kuwa milisiveti moja, kizio cha dozi ya mionzi, ni mikrosiveti 1,000, na uvumi mwingi huzaliwa hapo. Katika miji mingi ya Japani kiwango cha kawaida huwa chini ya mikrosiveti 0.1 kwa saa, na mvua peke yake huweza kukipandisha kidogo kwa kuteremsha chembe za asili zilizomo angani. Kanuni za Japani huagiza watu wahamishwe ndani ya wiki moja hivi kipimo kikifika mikrosiveti 20 kwa saa, na waondoke mara moja kikifika 500. Fuata vituo kadhaa vya kupimia, tena kwa saa kadhaa, na ukumbuke kwamba kituo kisichotuma data hakijathibitisha usalama. Baada ya tetemeko la Noto, vituo 18 vilivyoizunguka Shika vilinyamaza.

Aliye ndani ya kilomita 5 anapaswa kujiandaa kuondoka mapema, na aliye kati ya kilomita 5 na 30 kwa kawaida huagizwa kwanza akae ndani, afunge madirisha, azime feni za kuvuta hewa ya nje, na avue nguo za juu kabla ya kuingia iwapo alikuwa nje. Nyumba ikiwa imepasuka, nenda kwenye makazi ya dharura yaliyotangazwa, kwa sababu tetemeko linalofuata ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko mionzi. Kuondoka kwa haraka nako kuna gharama: wagonjwa na wazee kadhaa wa hospitali na nyumba za kulelea wazee za Fukushima walikufa kwa kusafirishwa bila matibabu, na vifo vilivyotokana na madhila ya maafa na uhamisho katika mkoa huo vimepita 2,300. Uliza pia upepo unaelekea wapi. Wakazi wengi wa mji wa Namie walikimbilia Tsushima, upande wa kaskazini-magharibi, ambako ndiko wingu la mionzi lilikoelekea.

Vidonge vya iodini humezwa kwa agizo la mamlaka tu. Hufaa zaidi kabla ya kuvuta hewa yenye mionzi au ndani ya saa chache baadaye, watoto na wajawazito wakitangulizwa, na huilinda tezi ya shingoni peke yake. Mwaka 2011 watu nchini China waligombania chumvi yenye iodini madukani, ilhali kiasi kilichomo ni kidogo mno kusaidia, na kunywa dawa ya vidonda yenye iodini ni sumu.

Wiki zinazofuata, uangalizi uhamie kwenye maji na chakula. Tarehe 23 Machi 2011 Tokyo ilitangaza kwamba maji ya mtambo wa Kanamachi yalikuwa na bekereli 210 (kizio cha wingi wa mionzi) za iodini yenye mionzi, tofauti na ile ya vidonge, kwa kilo, wakati kikomo cha watoto wachanga kilikuwa 100, na familia zenye watoto hao zikagawiwa maji ya chupa. Iodini hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8, kwa hiyo katazo la maji huwa la muda mfupi. Sesiamu-137, kitu kingine chenye mionzi, huchukua miaka 30 kupungua kwa nusu, na kwa sababu hiyo uyoga wa porini kutoka maeneo yaliyoathirika usiliwe mpaka upimwe, hata kama mboga za shambani zimekwisha kuruhusiwa.