Hesabu pumzi kabla ya kushika kalamu

Anayetaka kutunga shairi au wimbo hahitaji kukaa saa nzima amefumba macho. Dakika 12 za kutafakari kimya zinatosha: 5 za kukusanya akili, 7 za kuiachia. Wengi huishia kwenye zile 5, halafu wanashangaa kwamba wametulia kweli lakini hawana la kuandika.

Kalia mto mgumu au blanketi lililokunjwa mara nne, makalio yawe juu kuliko magoti. Ukikaa chini patupu, mgongo hupinda na miguu hufa ganzi mapema. Kiti nacho kinafaa, ila usiegemee. Macho yaache nusu wazi, yakitazama sakafu mita moja mbele. Ukiyafumba mchana baada ya ugali, utasinzia tu.

Sasa hesabu kila pumzi inapotoka, 1 hadi 10, kisha rudi 1. Ndivyo wanaoanza Zen, njia ya Kibuddha ya kutafakari, wanavyofundishwa huko Japani. Usiivute pumzi kwa nguvu, utapata kizunguzungu. Iache iende zake. Utashtuka umefika 17, au umo katikati ya ugomvi wa juzi. Hujakosea. Kule kushtuka ndiko zoezi lenyewe, kwa hiyo anza tena 1.

Dakika 5 zikiisha, acha kuhesabu na usishike chochote. Bodaboda ikipita, isikilize mpaka mlio uishe, bila kujiuliza imebeba nani. Pua ikiwasha, vitunguu vikinukia kwa jirani, vyote vije na viondoke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walizilinganisha njia hizi mbili kwa watu waliozoea kutafakari, wakachapisha matokeo mwaka 2012: ni hii ya kuachia iliyowasaidia kubuni matumizi mengi mapya ya vitu vya kawaida.

Wasanii huharibu hapa hapa. Mstari mzuri unachipuka, wanaukamata, na muda uliobaki wanaulinda usipotee kama mtu aliyebeba maji kiganjani. Uachie. Mingine itapotea kweli, lakini ukiukumbatia wa kwanza hutausikia wa pili, na mara nyingi wa kwanza ni ule uliokwisha kuusikia redioni.

Tumia saa ya mezani. Simu ikae chumba kingine, maana ukiigusa kuzima kengele utakutana na ujumbe. Daftari liwe limeshafunguliwa kando yako. Andika kwa mkono dakika 10, bila kufuta wala kusoma ulichoandika. Kuhariri ni kazi ya kesho.

Fanya hivyo siku 5 kwa wiki, saa ile ile. Usijipime kabla ya wiki 8, muda ambao pia ndio urefu wa mafunzo ya kutafakari ili kupunguza msongo, yaliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Ukipimia, hesabu kurasa zilizojaa, si siku ulizojisikia mtulivu. Na siku kimya kikikuletea hofu au kumbukumbu nzito, fungua macho kabisa, simama, utembee. Usijilazimishe kumaliza dakika.