Kanda za Rafiki Aliyetangulia: Kuzinakili na Kuzisikiliza Pamoja

Baada ya msiba, kaseti za muziki wa dansi alizoacha marehemu huwa za kwanza kutupwa. Ziko kwenye boksi la viatu chini ya kitanda, redio ya kuzipigia haipo, na wanaofagia chumba hawajui ipi aliipenda. Kwa hiyo wahini. Nendeni wawili kwa shemeji au mkubwa wa familia, ombeni kuazima, si kupewa, na mhesabu kanda mbele yao. Kisha pigeni picha kila jalada pande zote mbili, pamoja na boksi lilivyopangwa. Mwandiko wake na mpangilio wake ni sehemu ya mnachokihifadhi.

Kabla ya kanda kuingia kwenye deki, yaani mashine ya kuipigia, vunjeni vile vijino viwili vya mgongoni ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Halafu tazameni utepe kupitia kidirisha. Unyevu wa Dar huleta ukungu: unga mweupe kwenye kingo za utepe. Kanda ya namna hiyo isipigwe kabisa, maana itachafua kichwa cha deki, yaani kile kinachosoma utepe, na kuziambukiza nyingine. Ifungeni kwenye mfuko wake. Angalieni pia kile kipande kidogo laini kilichoshikwa na kibati nyuma ya utepe, katikati. Kikibanduka, utepe haugusi kichwa sawasawa na sauti hufifia. Kanda yenye skrubu tano hufunguka. Iliyogundishwa mpelekeeni fundi. Zilizo nzima, kazeni utepe kwa penseli, kisha zizungusheni mbele hadi mwisho na kuzirudisha, kwa sababu utepe uliolala miaka mingi hushikana.

Deki zilizotumika hupatikana Kariakoo. Chukueni yenye tundu la kutolea sauti nyuma, na ijaribuni palepale kwa kanda isiyo ya marehemu. Safisheni kichwa, kile kifimbo chembamba cha chuma kinachovuta utepe na mpira wake kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 kwenda juu. Ile ya 70 ina maji mengi. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, endeleeni. Mpira mchafu ndio unaofanya mwimbaji ayumbe kama mlevi.

Sauti ikiwa kama imefunikwa blanketi ingawa kichwa ni kisafi, kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa. Igeuzeni kidogo sana huku mkisikiliza matoazi kwa hedifoni, mwache pale yanapong'aa zaidi. Kanda zilizorekodiwa kwa redio tofauti zitataka marekebisho tofauti.

Tundu la kipaza sauti kwenye kompyuta huchafua sauti. Nunueni kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la kupokelea, na mtumie Audacity, ambayo ni ya bure. Wekeni stereo, 44,100 Hz, biti 16, faili la WAV, na vilele vya sauti visipite -6 dB. Kanda ya C60 ina dakika 30 kila upande, karibu MB 320. C90 ina 45, karibu MB 480. Mkisikia mvumo mzito usiokoma, chomoeni chaja ya kompyuta. Mara nyingi hutokea hapo. Hifadhini kila upande unapoisha, kwani umeme ukikatika deki huzima nao.

Sasa jambo linaloharibiwa na wengi: usafi uliopitiliza. Kichujio cha kelele kikizidishwa hula manyanga na tarumbeta, na kubaki sauti za ndani ya pipa. Halafu kuna mkasi. Kanda nyingi za dansi zilinaswa redioni, wakati Radio Tanzania Dar es Salaam ikipiga rekodi za studio yake. Mtangazaji amebaki mwanzoni, gitaa limekatwa kwa sababu aliyerekodi alichelewa kubonyeza, na penye kipaza sauti wazi mtasikia kiti kikisogezwa, pengine kikohozi. Msikate. Muziki wenyewe huenda ukapatikana kwingine; ile sekunde aliyochelewa haipatikani.

Kikao kiwe baada ya arobaini, siku yake peke yake. Hitma au misa ina utaratibu wake, msichanganye na dansi. Uani, saa kumi na moja jioni, mjumbe na jirani wakijua. Sabufa ipunguzeni besi, la sivyo rekodi za zamani zitanguruma tu, na spika ziwe usawa wa masikio ya waliokaa. Nyimbo kumi na mbili zinatosha, maana za dansi ni ndefu. Msizikate kabla ya chemko, ile sehemu ya mwisho inayochangamka. Ndilo watu wanalosubiria, na ndilo litakalomwinua mtu kitini.

Ubishi wa bendi mbili hasimu, Msondo na Sikinde, utakuja, hasa marehemu akiwa na upande. Anzeni na Muhiddin Gurumo: aliimba NUTA, bendi iliyoanza 1964 na leo ni Msondo, kisha akawa Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilipoanza 1978. Hapo hakuna wa kununa.

Kopi ziishie kwa familia na marafiki. Kuziweka mtandaoni ni kugusa haki za wanamuziki. Boksi lirudi na idadi ileile, flashi mbili ndani, na zenye ukungu kwenye mfuko ulioandikwa wazi, mtoto asije akazijaribu.