Somo: Kuomba nafasi ya kusoma sheria chuo kikuu

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita, kila dirisha la udahili likikaribia naulizwa kama HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) inatosha kusoma sheria. Inatosha, na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) pia. Kigezo cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni principal mbili (masomo uliyofaulu kwa alama A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, lakini chuo kinaweza kudai zaidi, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka wako.

Kwanza, jipime kwa hukumu. Hatua hii wengi wanairuka, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, ni bure, utafute kesi ya Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya 2016. Kesi ilihusu Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana aolewe na miaka 15, wakati mvulana ni 18. Soma ukiwa na kalamu, uandike kwa maneno yako: nani anamlalamikia nani, anataka nini, mahakama ilijiuliza swali gani, ikaamua nini, kwa sababu zipi. Angalia majaji walivyovipima vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo kwa Katiba. Halafu soma uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2019, ulioitupa rufaa ya serikali. Rudia zoezi kwa kesi nyingine tano au sita. Ukiona uvivu kila ukifika ukurasa wa tatu, fikiria kozi nyingine mapema, kabla ada haijalipwa.

Kiingereza cha hukumu kitakusumbua mwanzoni. Kiswahili kimewekwa kisheria kuwa lugha ya mahakama tangu 2021, lakini hukumu nyingi utakazosomea bado ni za Kiingereza.

Pili, nenda Kisutu, mahakama ya hakimu mkazi iliyopo Dar es Salaam. Kesi nyingi husikilizwa hadharani. Vaa kwa heshima, zima simu, kaa nyuma, sikiliza wakili anavyomhoji shahidi.

Tatu, nyaraka. Jina la cheti cha kuzaliwa lifanane na la vyeti vya shule. Kama utaomba mkopo HESLB (Bodi ya Mikopo), cheti hicho cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na namba ya mtihani ya kidato cha nne iwe ileile uliyoombea chuo.

Nne, omba. Unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja ndani ya muda uliotangazwa.

Maswali ya wanachama

*Dada, nikimaliza LLB (shahada ya kwanza ya sheria) nakuwa wakili?*
Hapana, mdogo wangu. Unapita kwanza Law School, shule ya mafunzo ya uwakili kwa vitendo, pale barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, ndipo uombe kwa Jaji Mkuu uapishwe. Usiidharau hatua hiyo: matokeo yaliyozua mjadala 2022 yalionyesha waliofaulu moja kwa moja ni 26 kati ya 633. Ndiyo maana nawasukuma kwenye hukumu kuanzia sasa.

*Mimi nina diploma ya sheria, je?*
Unaomba. Kiwango cha chini ni GPA (wastani wa alama za diploma) ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne.

*Nauza dukani Kariakoo, siwezi kukaa darasani mchana.*
Angalia Chuo Kikuu Huria, makao yake yako Kinondoni. Shahada ya sheria ipo, na unasoma huku duka likiendelea. Tenga saa za usiku za kusoma na uzilinde, maana mhadhiri hatakufuata dukani.