Jinsi ya kuzisoma kano za nyuma ya mkono, maana hazifanani kwa kila mtu

Kitabu kinakuonyesha kano nne za ekstensa dijitoramu (msuli wa kunyoosha vidole) zimejipanga, kila moja na kidole chake, alafu unaingia maabara ya kupasua maiti unafungua mkono unakuta cha pete kina mbili na ya kidole kidogo haipo kabisa. Usiogope, hujaharibu kitu, hiyo inatokea sana tu.

Anza na mkono wako mwenyewe. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini, alafu jaribu kuinua cha pete peke yake. Kinagoma au kinainuka kidogo tu, kwa sababu kano zimefungwa pamoja na vitepe vya kukatiza vinaitwa jankchura. Sasa kunja ngumi, nyoosha kidole cha shahada na kidole kidogo tu. Hivyo vinakubali, kila kimoja kina kano yake ya ziada, cha shahada kina ekstensa indisisi na kidole kidogo kina ekstensa dijiti minimi, ambayo mara nyingi imegawanyika mbili.

Kwenye maabara usihesabie kwenye vidole, utachanganyikiwa. Anzia kifundo cha mkono, pale zinapita kwenye vyumba 6, cha nne kina dijitoramu na indisisi, cha tano kina ile ya kidole kidogo. Indisisi utaijua kwa nyama yake, inashuka chini kuliko za wenzake, na kwenye kidole inakaa upande wa kidole cha kati. Kuna watu hawana, wengine wanazo mbili, so usikate chochote kabla hujakifuata mpaka kwenye msuli wake.

Wachache wana kamsuli ka ziada nyuma ya mkono, na kwa mtu hai watu wanadhani ni ganglioni (uvimbe wenye majimaji). Mwambie anyooshe vidole huku unamzuia, uvimbe ukikaza kuna uwezekano mkubwa ni msuli, piga ultrasaundi kabla ya kushika kisu.

Ila penye hatari ni kwa aliyekatwa na panga au kioo. Ananyoosha kidole vizuri, unashona ngozi unamruhusu, kumbe kano imekatika juu ya jankchura, yaani upande wa kifundo cha mkono, na kano jirani ndo inakivuta. Pima kidole kimoja kimoja ukikizuia, linganisha na mkono usioumia, na uangalie kwenye konzi (kiungo cha kidole na kiganja), maana viungo vya mbele vinanyooshwa na misuli midogo ya kiganja pia. Alafu piga ganzi, osha, fungua kidonda, uiangalie kano huku kidole kikikunjwa na kunyooshwa, kwa sababu kama alikatwa amekunja ngumi sehemu iliyokatika haitakuwa chini ya kidonda.