Kombi inayopozwa kwa hewa: injini kwanza, kitanda baadaye

Wengi wakinunua Kombi ya zamani ya Volkswagen huanza na mapazia. Wanapima kitanda na kuchagua rangi ya makabati, injini inabaki vile ilivyokuja. Mimi nasisitiza mpangilio tofauti, kwa sababu injini hii haina rejeta wala maji. Kinachoipoza ni hewa inayosukumwa na feni, pamoja na oili inayozunguka ndani, basi. Kila kilo unayopakia inaongeza joto, na kila tundu lililoachwa wazi kwenye mabati ya injini linazuia joto hilo kutoka.

Somo linahusu zaidi Kombi zenye injini ya 1600 ya ukoo wa Beetle, ambayo feni yake imekaa juu ndani ya kava kubwa la bati. Zile zenye injini bapa, za 1700 hadi 2000, kanuni ni zile zile ila vipimo ni tofauti, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako.

Hatua ya 1: Fuata njia ya hewa

Fungua mlango wa injini. Kuzunguka injini utaona mabati, na kati ya mabati na bodi kuna raba ndefu ya kuziba. Raba hiyo ndiyo inayotenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini, kwenye silinda na ekzosti. Ikioza au ikikosekana, feni inanyonya tena hewa ambayo imeshatumika, na injini inajichoma yenyewe taratibu bila kukupa dalili yoyote, maana magari haya kwa kawaida hayana geji ya joto.

Kuipima ni rahisi. Subiri giza, weka taa chini ya gari, kisha chungulia kutoka juu. Popote unapoona mwanga, hapo hewa ya moto inapanda. Usisahau vijiraba vya kwenye waya za plagi pale zinapoingia kwenye bati. Ni vidogo, lakini kila kimoja kinaziba tundu ambalo hewa ya feni ingepotelea. Kama mtu alitoa mabomba mawili yanayopeleka hewa kwenye vipasha joto vya chini, midomo yake kwenye kava la feni lazima izibwe.

Halafu kagua ndani ya kava la feni. Majani makavu, viota vya panya na vumbi lililoshikana na oili hukaa katikati ya mapezi ya kipoza oili. Kwenye injini za kabla ya 1971 kipoza hicho kilisimama ndani ya mkondo wa hewa ya silinda ya 3, ndiyo maana silinda hiyo ilipata joto kuliko wenzake. Baadaye kilihamishiwa kwenye kijumba chake. Ukipata nafasi ya kufunga kava la aina hiyo ya pili, ichukue.

Mkanda wa feni ubonyeze kwa dole gumba katikati: ushuke kama mm 15. Ukilegea zaidi, fungua puli ya juu, toa washa moja katikati ya vipande viwili vya puli na uifunge kwa nje, nyuma ya nati, ili isipotee. Mkanda huo unazungusha dainamo na feni kwa pamoja. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka barabarani, simama hapo hapo na zima injini.

Hatua ya 2: Oili

Injini ya 1600 inachukua lita 2.5 tu, na kiasi hicho kidogo kinafanya kazi ya kulainisha na ya kupoza. Haina filta ya kawaida, ina wavu wa chuma chini. Badilisha kila km 5,000 au kabla, injini ikiwa na uvuguvugu ili uchafu utoke wote. Toa sahani ya chini, osha wavu kwa petroli, weka gasketi mpya. Nati zake sita ni ndogo na zinashika kwenye aloi laini. Zinataka nguvu ya kama Nm 7, yaani mkono mwepesi. Mwenye kukaza kwa hasira anang'oa nyuzi. Kabla ya kurudisha wavu ushike kwenye mwanga: vumbi jeusi ni la kawaida, vipande vinavyong'aa ni habari nyingine, na vinataka fundi wa injini kabla ya safari.

Hatua ya 3: Tapeti, pointi, taimingi

Fuata mpangilio huo, maana nafasi ya pointi (vikata umeme vilivyo ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) ikibadilika, taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, nayo inahama.

Tapeti, yaani nafasi kwenye valvu, hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, iliyolala usiku kucha. Zungusha puli ya chini hadi alama ya juu kabisa ya pistoni ilingane na mstari ambapo nusu mbili za injini zinakutana, na rota, kidole kinachozunguka ndani ya distribyuta, iangalie mkato ulio kwenye ukingo wake. Hapo uko silinda ya 1: upande wa kulia wa gari, ile iliyo karibu na mbele. Ingiza fila (bati jembamba la kupimia nafasi) ya mm 0.15 kati ya skrubu na shina la valvu. Ipite kwa kukwaruza kidogo, isiteleze wala isikwame. Shika skrubu kwa bisibisi, kaza nati kwa spana ya 13, kisha pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huivuta skrubu.

Sasa zungusha puli kinyume cha saa nusu mzunguko, upime silinda ya 2. Nusu nyingine, ya 3. Nusu nyingine, ya 4. Mwako unakwenda 1-4-3-2, kwa hiyo ukirudi kinyume unazipata kwa kuhesabu sawasawa. Andika kila kipimo ulichokikuta kabla ya kurekebisha. Daftari hilo lina thamani kuliko kifaa chochote utakachonunua, utaona kwenye maswali hapo chini.

Pointi ziwe mm 0.4. Taimingi inategemea distribyuta iliyofungwa, kwa hiyo soma namba yake kwanza.

Hatua ya 4: Petroli

Hapa nakuomba usifanye ubahili. Kombi nyingi huungua kwa sababu ya kipande cha hosi kilichopasuka. Tangi liko nyuma, jirani na injini, na krankikesi, yaani mwili wa injini, ni ya aloi ya magnesi, ambayo ikishika moto maji yanauchochea. Badilisha hosi zote kwa zile zinazohimili ethanoli, weka klipu kila mwisho, na filta ya plastiki usiitundike juu ya injini. Hosi za pale kwenye tangi mara nyingi hazifikiki bila kushusha injini, kwa hiyo siku injini ikiwa chini, zibadilishe hata kama zinaonekana nzima. Kizima moto kikae karibu na mlango wa mbele. Kikiwa nyuma, utakihitaji mahali ambapo tayari pana moto.

Hatua ya 5: Kutu, kisha ndani

Toa mikeka yote. Gonga kwa mpini wa bisibisi kwenye sakafu, sehemu za jeki, sahani ya betri, chini ya kioo cha mbele na mifereji ya paa. Bati zima linalia, bati bovu linanyamaza. Chomelea kwanza, pigilia mbao baadaye.

Kwa makabati, plaiwudi nyepesi ya mm 9 hadi 12 inatosha. Vizito vikae chini na katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Tangi la lita 50 za maji ni kilo 50. Tairi ziwe zile za mzigo. Usitumie pamba ya kioo kuzuia joto, inashika unyevu ikaozesha bodi. Sponji isiyonyonya maji ndiyo sahihi. Chumba cha injini usikibandike sponji ovyo: kipande kikibanduka kinaingia kwenye feni. Matundu ya hewa yaliyo juu ya pembe za nyuma yabaki wazi siku zote.

Betri ya pili inakaa vizuri upande wa pili wa chumba cha injini, ifungwe kwa mkanda, iwe na fyuzi karibu na ncha chanya na rilei (swichi ya umeme) ya kuitenganisha na ile ya kuwashia. Mtungi wa gesi unataka kabati lililozibwa kuelekea ndani, lenye tundu sakafuni, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hushuka.

Maswali ya wanachama

*Swali: Fundi, shikamoo. Valvu ya ekzosti ya silinda ya 3 kila nikipima nafasi imepungua. Narekebisha, baada ya muda imepungua tena. Niongeze kidogo?*

Jibu: Marahaba. Usiongeze, na usiende nayo safari. Nafasi ikipungua kila mara, ama shina la valvu linarefuka kwa joto ama kiti chake kinazama. Kichwa cha valvu kikikatika kinatoboa pistoni. Fungua kichwa cha silinda. Hii ndiyo kazi ya lile daftari.

*Swali: Kaka, nikiuacha mlango wa injini wazi kidogo kwa kijiti, haitapoa zaidi?*

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Mlango ukiwa wazi, hewa ya moto inayotoka chini kwenye ekzosti inapata njia ya kurudi kwa feni. Ufunge, urudishe raba.

*Swali: Hita ikiwashwa tunasikia harufu ya moshi ndani. Tuna watoto wadogo.*

Jibu: Dada, funga hita leo na usiitumie. Hewa yake inapita kuzunguka mabomba ya ekzosti. Bati likitoboka kwa kutu, kaboni monoksidi inaingia ndani na haina harufu yake yenyewe. Badilisha vipasha joto vyote viwili, na kengele ya kaboni monoksidi iwekwe karibu na kitanda.

*Swali: Kwenye mlima mrefu na mzigo kamili nakaa gia ya nne na kukanyaga mafuta, ili injini isipige kelele. Ni sawa?*

Jibu: Shusha gia ya tatu mapema, kabla haijaanza kulemewa. Feni inazungushwa na injini yenyewe. Mizunguko ikishuka, hewa nayo inapungua wakati ule ule ambapo joto limezidi. Ikibidi, panda polepole nyuma ya malori. Ukifika juu usizime ghafla, iache inguruke bila mzigo dakika moja au mbili.