Hita ya maji: kabla hujazungusha thamostati

Baridi ya Julai ikishuka huku Section 58, Nakuru, simu yangu haipoi. Kila mtu anaona hita yake imeishiwa nguvu, na dawa anayoiwaza ni kuzungusha thamostati, kile kidude cha kupanga joto la maji, hadi mwisho. Hata mimi fundi nilifanya hivyo kwangu. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kakamega, nikaona aibu mgeni aoge maji vuguvugu, nikaweka digrii 75. Asubuhi hakuniambia neno. Alimwambia binti yake: "Mwambie baba watoto mimi si kuku wa kunyonyolewa."

Nazungumzia hita ya tangi la umeme. Zima swichi yake, ile yenye taa nyekundu, kisha shusha breka kwenye sanduku la stima. Usiamini swichi peke yake. Nimekuta nyumba ambayo swichi imezimwa na waya bado una stima, kwa sababu aliyeifunga alichanganya waya. Tesita, ile bisibisi ya kupima stima, kwanza; mkono baadaye.

Fungua kifuniko cha chini. Pale waya nene zinapoingia kwenye kidude cha plastiki ndipo ilipo thamostati, na usoni ina kigurudumu kidogo chenye mfuo wa bisibisi bapa. Kilete kwenye 60. Kama hakina namba, kisogeze kidogo tu halafu upime.

Mbona 60? Ukishusha hadi 45 ili kuokoa tokeni, bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu, hustawi ndani ya tangi. Lakini 60 nayo si mchezo: huweza kumchoma mtu mzima vibaya kwa takriban sekunde 5, na mtoto upesi zaidi. Fungulia maji baridi kwanza, ndipo uongeze ya moto.

Sasa jambo ambalo wateja hawapendi kulisikia. Thamostati haiongezi moto. Kazi yake ni kuukata tu maji yakifika pale ulipopanga. Tangi la lita 50 lenye elementi (chuma kinachopasha maji) ya kilowati 1.5 huchukua kama saa moja na dakika 40 kutoa maji digrii 18 hadi 60, karibu yuniti 2.5 za stima. Ukiwasha dakika 20 kabla ya kuoga, maji hayajafika hata 30. Hapo uweke 60, uweke 75, utatetemeka vilevile. Siku hizi mgeni akilala kwangu, ninachobadilisha ni saa ya kuwasha.

Ukikuta kitufe chekundu cha usalama, kile hukata stima maji yakizidi joto, kimeruka, kibonyeze mara moja tu. Kikiruka tena, acha, ita fundi. Huenda thamostati imekwama na maji yanachemka bila kukatwa.

Rudisha kifuniko, washa, ngoja taa ya tangi izime yenyewe. Kinga kikombe kimoja mferejini, tumbukiza kipimajoto cha jikoni. Kikisoma 58 au 62, usiguse tena.