Oksidi ya magnesi: kazi yote ipo kwenye kifuniko

Mara ya kwanza kutengeneza oksidi ya magnesi, yaani unga mweupe unaotokea metali ya magnesi ikiungana na oksijeni, niliushika utepe wa magnesi kwa koleo, nikauwasha, nikafurahia mwanga. Nilipokuja kupima, sehemu kubwa ya unga ilikuwa imekwisha kupaa na moshi mweupe. Tangu siku hiyo natumia kikombe cha kauri chenye kifuniko.

Pima kikombe kikavu pamoja na kifuniko chake. Chukua utepe wa magnesi, gramu 0.24, uusugue kwa msasa mpaka ule weusi-weusi utoke na ung'ae. Usipousugua, unapima oksidi ya zamani ukidhani ni metali. Ukunje ulegee, usiubane, hewa ipate kupenya. Utie kikombeni, ufunike, upime tena, kisha weka kikombe kwenye pembetatu ya udongo (waya wenye pembe tatu uliovikwa udongo) juu ya stendi ya miguu mitatu. Vaa miwani ya kinga.

Anza na moto mdogo, halafu uongeze. Kifuniko kinyanyue kwa koleo kila baada ya dakika moja hivi: kidogo tu, sekunde moja, kisha rudisha upesi. Ukiona moshi unachungulia, umechelewa. Ila usipokinyanyua kabisa, oksijeni inaisha ndani na metali inabaki. Magnesi ikiwaka usiikodolee macho, na ikidondoka mezani usiimwagie maji, inazidi kuwaka. Mwagia mchanga mkavu.

Ikishaacha kuwaka hata ukifunua, choma kwa nguvu dakika tano, kisha acha ipoe kabisa. Kikombe cha moto hupandisha hewa, mizani ikakudanganya.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka. Magnesi hula pia naitrojeni ya hewani, ndiyo maana pengine utaona umanjano ndani ya ule weupe. Dondoshea matone machache ya maji. Ukinusa kwa mbali utasikia harufu kali ya amonia. Hiyo ni nitridi, yaani magnesi iliyoungana na naitrojeni, inavunjika na kuacha hidroksidi ya magnesi. Pasha taratibu maji yakauke, kisha choma tena kwa nguvu ili hidroksidi hiyo igeuke oksidi.

Poza, pima, choma tena, pima, mpaka namba isibadilike. Gramu 0.24 za metali zinapaswa kutoa gramu 0.40 za oksidi. Mimi nikipata 0.39 naridhika, nikipata 0.36 najua mkono wangu ulichezea kifuniko. Unga utie kwenye chupa inayoziba vizuri, maana hunyonya unyevu na kabonidioksidi ya hewani.